Kadi Niliyoificha

Jumatatu, Machi 9

Mvua imeanza leo saa nane mchana, bila radi wala upepo. Imeingia tu kama mtu anayerudi nyumbani kwake. Paa la korido linavuja pale pale lilipovuja mwaka jana. Nimeweka ndoo ile ile. Mwenye nyumba nimemwandikia barua ya tatu. Ya kwanza ilikuwa na adabu.

Binti anatimiza miaka kumi na sita Jumapili. Ni mtoto wa kaka yangu, dereva wa malori ya safari ndefu, na anaishi kwangu tangu alipofiwa na mama yake akiwa na miaka tisa. Anataka kamera. Hajaomba. Ameacha karatasi ya mwalimu wa klabu ya picha mezani, ameigeuza upande wangu, na juu yake ameweka kikombe changu cha chai ili nisiweze kunywa bila kusoma. Shule ina kamera moja kwa wanafunzi kumi na mmoja. Maonyesho ni mwisho wa muhula, Mei 22. Asiye na kamera yake atangoja zamu.

Nimepita maduka matatu. Kamera mpya ya aina ile ni mshahara wangu wa miezi minne. Nilipomuuliza muuzaji wa duka la tatu kama ana kitu cha bei ya chini, alinionyesha mfuko wa kubebea kamera.

Jumatano, Machi 11

Safu yangu ya kila Jumatano imetoka gazetini. Nimemvaa mkurugenzi wa idara ya maji. Wanne wamepiga simu kunipongeza, mmoja kunitukana. Siku njema.

Alhamisi, Machi 12

Kila niliyemuuliza kuhusu kamera iliyotumika ikakarabatiwa amenipa jibu moja: nenda kwa fundi wa kona ya posta. Mpiga picha wa gazeti letu amenijibu hivyo hivyo, kisha akakumbuka anaongea na nani, akaanza kusafisha lenzi iliyokuwa safi.

Mwezi wa kwanza niliandika makala yenye kichwa "Takataka Zilizopakwa Rangi". Nilisema wauzaji wa vifaa vilivyokarabatiwa ni majambazi wanaotumia bisibisi badala ya panga. Nilieleza jinsi nilivyouziwa simu ikafa siku ya tisa bila sababu. Sikumtaja mtu. Nilisema tu kona ya posta, duka lenye mlango wa bluu. Mlango wa bluu pale kona ni mmoja.

Makala ile ilisomwa kuliko zote nilizoandika mwaka mzima. Mwalimu wa lugha wa Binti aliisoma darasani kama mfano wa hoja iliyojengwa vizuri.

Siendi.

Jumamosi, Machi 14

Nimekwenda.

Nilivaa miwani ya jua siku ya mvua na kujifunga mtandio hadi kidevuni. Kila Jumatano sura yangu inatoka gazetini juu ya safu yangu, mdomo wazi, kidole juu, nami nilidhani mtandio ungetosha.

"Karibu, Mama Jumatano," fundi alisema bila kuinua kichwa. "Vua miwani, utajikwaa. Sakafu imelowa."

Ni mtu wa umri wangu, mwembamba, ana kioo cha kukuzia alichokifunga kichwani kwa kamba ya kiatu. Duka lake ni chumba kimoja kilicho chini ya usawa wa barabara. Unashuka ngazi tatu. Ukuta mzima ni rafu, na juu ya kila kifaa kuna kadi ngumu iliyoandikwa kwa mkono, herufi zimesimama wima kama wanafunzi kwenye gwaride.

"Nataka kamera," nikasema. "Ni ya mtu fulani."

"Huyo mtu fulani ana miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

"Ndiyo anaanza?"

"Ndiyo anaanza."

"Basi anahitaji ile ambayo haitamtia hofu. Ukimpa mtoto kitu cha bei ya kutisha, atakifungia kabatini awe anakiangalia tu."

Alishusha moja nyeusi, akaifuta kwa kitambaa, akanipa niishike kwanza kabla ya kusema lolote. Ilikuwa nzito kwa namna ya kupendeza. Kisha akanisomea kadi yake, neno kwa neno, kama karani wa mahakama: "Mmiliki wa kwanza: mpiga picha wa harusi. Imepiga picha elfu thelathini na moja, mia mbili na nne. Nimebadilisha mpira wa mshikio, nimesafisha kioo cha ndani. Kasoro: kitufe cha kulia kigumu. Nimeijaribu siku kumi na mbili. Mmiliki wa pili." Hapo palikuwa patupu. "Atajaza mwenyewe," akasema. "Kamera hii inajihesabu ndani, picha kwa picha. Hata mimi siwezi kuifuta hesabu yake."

Sikumsikiliza. Nilikuwa nawaza jambo jingine.

"Ina boksi?"

"Boksi lilipotea zamani. Nina mfuko wa karatasi."

"Nilitaka ionekane mpya."

Aliinua kile kioo kwenye paji la uso. "Mama, mimi nauza kitu na kadi yake. Ukitaka kipya, barabara ya pili, mkono wa kulia."

Hakuitaja simu. Hakuitaja makala. Laiti angeitaja, nilikuwa nimekwenda na majibu.

Nikatoka na kamera ndani ya mfuko wa karatasi, kadi nikaitia kifuani. Halafu nikaenda barabara ya pili, mkono wa kulia, nikamwomba yule muuzaji wa juzi boksi tupu la kamera aliloliweka dirishani kwa maonyesho. Akanipa huku akinitazama. Nikanunua ule mfuko wa kubebea ili asiniulize kitu.

Jumapili, Machi 15

Binti amefungua boksi taratibu, bila kuchana hata kona. Ameitoa kamera, ameigeuza, amepitisha kidole kwenye mshikio. Akapiga picha ya kwanza: ndoo ya korido, tone likiwa hewani. Akabonyeza vitufe viwili vitatu, akatazama kioo kidogo cha nyuma kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama ndoo.

"Asante, Shangazi. Ni nzuri sana."

"Mpya kabisa," nikasema. Hakuna aliyekuwa ameuliza.

Kadi nimeificha humu, katikati ya daftari hili. Ndiyo inayoshika ukurasa.

Alhamisi, Machi 19

Mvua. Amepiga ndoo, viatu vyangu mlangoni, jirani akianua nguo, rafu ya vitabu vyangu. Mimi bado hajanipiga.

Jumamosi, Machi 21

Mvua. Mwenye nyumba amejibu: tuwe na subira. Nimemwandikia barua ya nne, kurasa mbili, na hakuna mstari humo ambao mamake angependa kuusoma.

Jumanne, Machi 24

Leo amepiga picha ya mkebe wa mchele.

Nilikuwa jikoni. Aliuweka mkebe dirishani, akaufungua, akainama. Nikamuuliza mchele una nini cha kupigwa picha. "Unapendeza ukiwa karibu," akajibu. Hakunitazama.

Inabidi niandike jambo hili, kwa sababu nimelizunguka tangu ukurasa wa kwanza kama mtu anayeruka dimbwi.

Ile simu haikufa bila sababu. Siku ya nane niliiangusha kwenye beseni la nguo nilizoloweka, nikiwa nabishana na mhariri kuhusu koma. Niliitoa inatiririka povu. Aliyeniambia niizike kwenye mchele alikuwa Binti. Alileta mkebe mwenyewe, akanishikia mkono kwa sababu nilikuwa nikiitikisa simu kama kipima joto. Asubuhi yake iliwaka dakika tano, ikazima, haikuwaka tena. Nikaenda nayo kona ya posta nikiwa nimekwisha kujiaminisha kwamba simu nzuri ingevumilia maji kidogo, na kufika kule maji yenyewe nikawa nimeyasahau.

Fundi aliifungua mbele ya wateja wanne. Akachukua kibano, akachomoa punje moja ya mchele kutoka kwenye tundu la chaji, akaiweka mezani mbele yangu. Aliniachia nafasi ya kusema mimi.

Na mimi nikasema. Nilisema kwa robo saa. Nilimwita mwizi, nikataja sheria ya haki za mlaji, nikawageukia wale wateja na kuwauliza kama wanataka na wao wauziwe vyuma vilivyokufa. Wawili wakaondoka. Fundi alifungua droo akanirudishia pesa yangu yote. Nikaipokea. Nikaenda nyumbani nikaandika makala kwa saa moja na nusu, bila kufuta neno.

Siku mwalimu alipoisoma darasani, Binti alirudi akaniambia, "Wamekupigia makofi, Shangazi." Nami nikamuuliza walipiga wapi, kwenye aya gani.

Miaka ishirini na miwili nakula kwa kuwaaibisha watu wanaosema uongo.

Alhamisi, Aprili 2

Mvua. Ndoo inajaa mara mbili kwa siku sasa.

Jumatatu, Aprili 6

Binti amechelewa kurudi, mara ya tatu. Nimemngoja mlangoni na hotuba yangu tayari.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa fundi. Kitufe cha kulia kilikuwa kigumu. Amekilainisha."

"Fundi gani?"

"Wa mlango wa bluu."

"Nani kakuelekeza huko?"

"Wewe, Shangazi. Uliandika." Alivua viatu vilivyolowa, akaviegemeza ukutani kimojakimoja. "Ananifundisha kusafisha lenzi. Hajambo, ila hana watu. Zamani ilibidi upange foleni pale. Leo tangu saa tisa hadi saa kumi na moja nilikuwa mimi na yeye na mzee mmoja mwenye redio."

Ile hotuba sikuitoa. Nimesema chakula kiko mezani. Hakikuwa mezani, ilibidi niende nikakiweke.

Jumatano, Aprili 8

Safu imetoka. Kuhusu nidhamu ya viongozi kukiri makosa. Niliiandika wiki mbili zilizopita na sikukumbuka kuizuia. Nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye kibanda cha magazeti na nimetamani mtu anitukane. Wamepiga sita, wote kunipongeza.

Jumamosi, Aprili 18

Mvua ya usiku kucha. Asubuhi mtaro wa barabara ya posta umefurika na maji yameshuka zile ngazi tatu.

Binti alipata habari kwa rafiki yake, akatoka bila kunywa chai, kamera ndani ya mfuko wa plastiki shingoni. Nilimfuata. Nasema nilimfuata, lakini nilifika hadi upande wa pili wa barabara tu, nikasimama chini ya kibaraza cha duka la dawa na mwavuli wangu mkononi.

Niliona kila kitu. Maji yalikuwa magotini mwa fundi. Yeye na Binti na yule mzee wa redio walikuwa wakipokezana vifaa ngazini: simu, pasi, redio, mashine ya kushonea. Fundi hakupiga kelele wala hakushika kichwa. Alikuwa akisema tu, "Hii kwanza, hii baadaye, hii imekwisha." Vilivyokwisha aliviweka upande wa kushoto. Upande wa kushoto ulikua haraka.

Halafu akatoka na sanduku la mbao lililojaa kadi. Hilo ndilo alilolikumbatia kifuani. Walifunga kamba kutoka nguzo ya kibaraza cha posta hadi komeo la mlango wake, chini ya paa, wakaanza kuzianika kadi kwa vibanio vya nguo, moja moja, mamia. Binti alisimama kwenye kreti akawa anapokea.

Mwenye duka la dawa alitoka akasimama kando yangu. "Maskini," akasema. "Aliandikwa vibaya gazetini huyu, na sasa maji. Unamfahamu?"

"Kidogo," nikasema.

Barabara ile ina upana wa hatua kumi na mbili. Sikuivuka. Nilibaki mpaka mwavuli ukaanza kuvuja, kisha nikarudi nyumbani nikamwaga ndoo.

Jumapili, Aprili 19

Binti ana homa na kikohozi. Nimemchemshia maji ya tangawizi. Hakuniuliza jana nilikuwa wapi.

Jumamosi, Aprili 25

Amepona. Mvua haijapona. Kaka amepiga simu kutoka njiani, akauliza binti yake anaendeleaje na kamera mpya. Ile "mpya" ilitoka kwangu, nilimwambia mwenyewe. Nikasema anaendelea vizuri.

Jumamosi, Mei 2

Leo nimefanya jambo baya kuliko yote, na nimelifanya kwa ufasaha.

Picha za maonyesho zinapokelewa hadi Ijumaa, moja kwa kila mwanafunzi. Binti ameniita mezani baada ya chakula cha mchana, akanionyesha aliyoichagua. Ameichapisha kubwa.

Ni zile kadi kwenye kamba. Zimepangana toka mbele hadi nyuma mpaka zinafifia, na katikati yao, kwa nyuma, unaonekana mkono wa fundi ukibana kibanio. Mwanga ulikuwa wa kijivu, laini, kila herufi inasomeka. Sijawahi kuona karatasi zilizolowa zikiwa na heshima namna ile. Nikainama nisome kadi ya mbele kabisa.

"Simu ya mwandishi wa gazeti. Imeingia maji. Punje ya mchele kwenye chaji. Haifai tena. Pesa imerudishwa." Na tarehe.

Mvua ilikuwa ikigonga bati. Binti alingoja.

"Nisiipeleke?" akauliza.

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza aweke sukari au asiweke. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, nalo lilikuwa fupi, na sikulisema. Badala yake nikaanza kuikosoa picha. Nikasema imejaa mno, jicho halina pa kupumzika. Nikasema maandishi ndani ya picha ni uvivu wa mpiga picha. Nikasema mkono umekatwa vibaya, rangi zimepooza, watu hawatajua waangalie wapi, na kwamba majaji wa shule wanapenda nyuso. Hoja sita. Zilitoka zimepangika, kila moja ikiisukuma mwenzake. Nimesoma vitabu vingi maishani mwangu na vyote vilikuja kunisaidia.

Alisikiliza hadi mwisho, mikono imelala mapajani. Nadhani ndivyo alivyokaa darasani siku ile.

"Sawa, Shangazi. Nitapeleka ya ndoo."

Akaigeuza picha, akaandika namba nyuma yake kwa penseli, akaniachia mezani.

"Hiyo ndiyo namba yake, ukiitafuta. Elfu thelathini na tatu na kumi na tisa."

"Mbona namba kubwa hivyo?"

"Kwa sababu ya kwanza niliyopiga mimi ilikuwa elfu thelathini na moja, mia mbili na tano." Alikuwa ameshafika mlangoni. "Mwalimu alitufundisha kusoma hesabu ya ndani kabla hata sijapata kamera. Nilijua siku ile ile. Boksi lilikuwa la aina nyingine, Shangazi. Hata rangi yake ni nyingine."

"Mbona hukusema?"

Alifikiri. "Ulikuwa umefurahi sana," akasema.

Jumatatu, Mei 4

Siwezi kuandika. Nimejaribu kuhusu bei ya mafuta, kuhusu vitabu vya shule. Kila sentensi inayoanza na "Ni aibu" naifuta.

Jumatano, Mei 6

Safu imetoka. Kuhusu mbwa wa jirani.

Ijumaa, Mei 8

Amepeleka ya ndoo. Siku ya mwisho ilikuwa leo, na nilikuwa na siku sita za kumwambia abadilishe. Kila asubuhi nilijiambia jioni.

Jumamosi, Mei 9

Nimeshuka zile ngazi tatu. Ukuta una mstari wa tope unaofika kiunoni, na rafu za chini ziko tupu. Fundi alikuwa akikausha mashine ya kushonea kwa brashi.

"Karibu, Mama Jumatano."

"Nimekuja kuomba radhi. Ile simu niliiangusha majini."

"Najua."

"Najua unajua. Nimekuja kusema mwenyewe."

Aliendelea kupiga brashi. Nikasema mengine, nayaona sasa hivi yalikuwa mengi mno, kuhusu hasira na kazi na mazoea. Akaweka brashi chini.

"Mama, nikuulize. Hapa ndani tuko wangapi?"

"Wawili."

"Ulipokuwa unaniita mwizi tulikuwa sita. Ulipoandika, sijui mlikuwa wangapi, wewe ndiye mwenye hesabu. Leo umekuja tuko wawili, nikusamehe, upande ngazi zangu mwepesi." Hakupaza sauti. "Mwaka wa kumi na tisa niko hapa. Mke wangu ameanza kuuza sabuni mlangoni. Watoto wa shule wakipita wanasema takataka, takataka. Wameupenda ule wimbo wako."

Nikautazama ule mstari wa tope ukutani.

"Yule mtoto wako ana jicho," akasema baadaye. "Siku ya kwanza alikuja na kamera, akaziona kadi za rafuni, akaniambia, fundi, naomba unisomee kadi yake, ya kwangu Shangazi ameipoteza. Nikamsomea kwa kichwa. Hakukusema vibaya hata kidogo. Nilitaka akuseme, nijue wewe ni mtu wa aina gani."

"Naomba unipe kadi ya simu," nikasema. "Niiandike kama ilivyo."

Akaitafuta sandukuni, akanipa. Imejikunja kwa maji, lakini wino wake umeshika.

Jumatatu, Mei 11

Mhariri amesoma makala, akavua miwani.

"Dada yangu, tukianza kukiri, tutamaliza lini?"

"Tuanze na hii."

"Weka mistari mitatu ukurasa wa kumi na nne, chini ya matangazo ya vitu vilivyopotea. Sema kulikuwa na hitilafu ya taarifa."

"Hitilafu ilikuwa mimi. Itatoka mahali pangu, urefu wangu, ama Jumatano hii mahali pangu uweke tangazo la godoro."

Alivaa tena miwani yake. "Godoro lingelipa," akasema. Lakini ameipokea. Ameuliza kama kuna picha.

Jioni nimemgongea Binti mlango wa chumbani, jambo ambalo huwa sifanyi, huwa naingia.

"Naomba ile picha ya kadi. Itoke gazetini, na ukubali wewe mwenyewe."

"Ulisema si nzuri."

"Nilisema uongo."

"Hoja zote sita?"

"Zote sita."

Alikaa kitandani akikunja ukanda wa kamera. "Ile ya mkono uliokatwa ilikuwa kweli," akasema. "Ningesogea kidogo kulia."

Nikafungua daftari hili mbele yake, nikamtolea kadi ya kamera. Imekaa humu miezi miwili. Imeacha alama ya kona zake kwenye ukurasa. Aliisoma yote ingawa aliijua kwa kichwa. Kisha akachukua kalamu, na penye "Mmiliki wa pili" akaandika jina lake.

Jumatano, Mei 13

Imetoka. Kichwa chake: "Simu Ilikufa kwa Mkono Wangu". Nimeinukuu kadi neno kwa neno. Nimetaja beseni, mchele, wateja wanne, pesa niliyoipokea. Picha imechukua nusu ukurasa.

Wamepiga thelathini na mmoja. Wa kwanza alicheka mpaka simu ikakatika. Mkurugenzi wa idara ya maji ametuma ujumbe: karibu majini. Mmoja ameuliza mangapi mengine niliyotunga katika miaka ishirini na miwili, na hilo ni swali halali. Nimekaa nalo mchana kutwa nikipitia makala za zamani, na ziko mbili ambazo sizipendi.

Alhamisi, Mei 14

Binti amerudi shuleni. Mwalimu wa lugha ameisoma hii pia darasani.

"Wamepiga makofi?" nikauliza, na papo hapo nikatamani kujing'ata ulimi.

"Hapana," akasema. "Wamenyamaza."

Jumanne, Mei 19

Hakuna mvua, siku ya pili. Ndoo imekauka na sijaiondoa.

Nimepita kona ya posta. Walikuwepo watu watatu ngazini. Si foleni. Watatu.

Ijumaa, Mei 22

Maonyesho. Ndoo yangu ya korido imetundikwa ukutani katika fremu, namba 31,205, haikupata tuzo yoyote. Iliyoshinda ni ya nyuso. Binti alimpigia mshindi makofi kwa mikono miwili juu. Mwalimu wa picha aliniambia pembeni kwamba ile ya kadi aliiona gazetini, na kwamba ingeletwa kwa wakati asingekuwa na kazi ya kuchagua. Nikasema najua kwa nini haikuletwa kwa wakati.

Fundi alikuja amevaa shati lililopigwa pasi hadi likasimama. Alimpa Binti mkono, akaitazama ndoo kwa karibu, akasema tone limeshikwa mahali pake. Mimi alinisalimu kwa kichwa. Hakuniita Mama Jumatano. Hakuniita chochote.

Tulirudi kwa miguu. Jua lilikuwa likikausha barabara, na kwenye ngazi za nyumba yetu niliketi nivue kiatu kilichokuwa kinanibana. Nilipoinua macho, kamera ilikuwa imenielekea. Miezi miwili na zaidi, mara ya kwanza. Nikakaza mgongo, nikapanga mtandio, nikafungua mdomo kama kwenye ile picha ya gazeti.

Akaishusha. Alingoja tu, kama fundi alivyongoja na ile punje mezani.

Nikaacha mabega yaanguke. Kiatu kilikuwa mkononi na soksi ilikuwa na tundu. Nikamwangalia yule mtoto ambaye tangu mwezi wa kwanza alinibebea uongo wangu wote shuleni na nyumbani, nikafunga mdomo.

Kitufe kikalia.

Amenionyesha. Ni mwanamke mtu mzima, amechoka, amefunga mdomo. Sijawahi kuuona uso wangu ukiwa umefunga mdomo. Nikamwambia hii ndiyo ingefaa kukaa juu ya safu, niondoe ile ya kidole, kesho nimpelekee mhariri.

"Hapana, Shangazi," akasema. "Hii ni yangu."

Sikutoa hata hoja moja.